Chapa Kwenye Paja

Jumatatu, 8 Septemba

Punda wa maji hajaja tena. Siku ya tatu. Nimeoga kwa kikombe, nimefagia uwanja, nimekwenda shule na vumbi la jana shingoni. Kidato cha Pili wamechora vikombe ishirini na nane, vyote vimeinama. Nimesahihisha mpaka macho yakauma.

Sijavua hata viatu, Mama Hawo, mwenye nyumba wangu, huyo mlangoni na habari. Kipindi kinaonyeshwa Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Kile cha upelelezi, cha wale watu wa Nairobi waliokuja kupiga picha hapa mwezi wa sita. Kaka yake yumo. Mtaa mzima wa Iftin, hapa Garissa, unajua kaka yake yumo, na asiyejua ataambiwa kabla ya Magharibi.

Kaka yake ni Dubow. Watoto wa nyumba humwita Abti, mjomba, na mimi Mkamba wa Kitui baada ya miaka tisa kwenye nyumba hii namwita hivyo hivyo. Anasoma nyayo, naye mwenyewe huvuta mguu wa kulia. Ngamia akipotea, mbuzi wakiibwa, ndiye anayeitwa. Anatazama mchanga, anakuambia nani alipita, lini, alikuwa na haraka au la. Mimi aliniambia wiki ya kwanza kwamba kisigino changu cha kushoto kinakula ardhi. Nikaangalia raba zangu za buluu. Kweli, kimelika upande. Hunitania kila asubuhi akinikuta na ufagio: Mwalimu, unafagia kama mwizi.

Wazee wakikaa kuamua jambo, kila anayesema anaapishwa kwa Msahafu. Yeye haapishwi. Dubow akisema nimeona, basi, watu wanakwenda nyumbani. Hana mifugo ya kutaja, hana duka. Ana hilo neno lake tu.

Mimi ndiye niliyemshawishi aigize. Nilimwambia, Abti, kila siku kwenye TV mtu wa huku ni wa kufungwa pingu. Safari hii wamwone anayekamata. Alifikiri wiki nzima, akakubali.

Leo nina furaha. Naandika kwa sababu daftari hili limejaa malalamiko.

Jumanne, 9 Septemba

Tangazo la kipindi limetoka. Nusu dakika. Limeingia kwenye kila simu mjini.

Hadithi yao inahusu kundi la wasoma nyayo wanaoishi kwa siri zao. Hawaandiki kitu, hawatembei mbele ya mwenzao, hawakanyagi unyayo ambao haujasomwa. Mengine wameyatia chumvi, lakini hilo la mwisho ni kweli. Mwigizaji mmoja alikanyaga na Abti akasimamisha kazi nusu saa nzima, wazungushaji kamera wakabaki kujipepea.

Basi kwenye tangazo mtu ameuawa, kumbe na baadhi ya kundi hilo hilo, mpelelezi wa Nairobi hajui pa kuanzia. Abti anapiga magoti, ananyoosha kidole. "Wauaji ni hawa. Nawajua." Halafu ngamia, chapa kubwa kwenye paja. Ngoma, giza, mwisho.

Chumba cha walimu wamenipigia makofi. Mimi ni mshauri wa utamaduni, jina litatokea mwishoni. Nimemtumia mama Kitui. Kaniuliza kama yule mzee ni Msomali wa kweli au amepakwa.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu wangu.

Niandike polepole.

Watu wa Nairobi walitaka chapa ya ngamia wa wauaji ambayo si ya mtu yeyote. Nikaichora mimi. Uma wa meno mawili, nukta chini. Nikampelekea Abti. Hakuuliza ni nini, aliuliza inakwenda wapi. Nikasema shingoni, kushoto. Akafumba macho akazunguka na kichwa chake kutoka hapa mpaka Wajir, ukoo kwa ukoo. Akasema hiyo shingoni haina mwenyewe, weka.

Sehemu ya Abti ilipigwa Jumamosi. Jumapili yeye hakuja, ilibaki ngamia na mpelelezi. Ngamia alikataa kushikwa shingo. Alitema, alizunguka, alitaka kumng'ata Mulwa, kijana wa rangi. Jua lilikuwa kichwani. Mulwa akauliza, Mwalimu, tuweke pajani? Nikasema paka tu, chapa ni chapa.

Chapa ni chapa! Miaka tisa nakaa na watu hawa.

Uma ule ule, nukta ile ile, ukiwa kwenye paja la kulia, ni wa watu wa Mzee Gabow wa Masalani. Wameuchoma hapo tangu babu zao. Sasa Nairobi wameunganisha: kidole cha Abti cha Jumamosi, paja la Jumapili. "Wauaji ni hawa. Nawajua." Leo Masalani wamepiga simu. Wamemuuliza, Dubow, ni sisi?

Alikuja jioni. Hakupandisha sauti. Alisimama uwanjani, Mama Hawo yupo, binti yake Hamdi yupo, akaniuliza, "Mwalimu, nani aliweka kwa paja?"

Nikasema sijui, Abti. Jumapili ile nilikuwa kanisani.

Limetoka hivyo hivyo, kabla sijalitafuna. Sikuwa kanisani. Nilikuwa pale, na kofia ya makuti, nikimshikia Mulwa kitambaa.

Abti akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Aliniamini papo hapo. Nimejifungia chumbani nimekaa sakafuni.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Terry, mtayarishaji wao, mara kumi na moja. Amepokea ya kumi na moja. Nimeeleza. Nimeeleza tena. Ananisikiliza kama anayemsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Anasema Mwalimu, ni ngamia, nani Nairobi atajua? Nikasema si Nairobi. Akasema kipindi kimeshafungwa, kimekabidhiwa.

Halafu Mulwa. Kabla sijamaliza salamu: "Lakini si ni wewe uliniambia nipake tu?" Anakumbuka. Kila kitu anakumbuka, mpaka kofia. Nikamwomba akiulizwa aseme hakumbuki. Kijana wa miaka ishirini na tatu, mimi mwalimu wa watu, namfundisha kusema uongo kwa simu nyuma ya choo cha shule.

Nimejichukia.

Ijumaa, 12 Septemba

Wazee wamekaa baada ya swala. Watu wa Gabow walileta wanne. Mama Hawo ndiye aliyenisimulia, naye ameambiwa na mumewe.

Abti alisimama akasema: mimi nilionyesha mchanga, si ngamia. Paja sikulijua. Mwalimu alichora ya shingo, na siku walipohamisha Mwalimu alikuwa kanisani. Wageni walifanya peke yao.

Hawakumwapisha. Hakuna hata aliyefikiria. Wakasema, Dubow amesema, imetosha. Kosa ni la wageni. Lakini chapa iondoke. Ikionekana tena Jumapili ya tarehe ishirini na moja mbele ya nchi nzima, na kidole chake juu yake, basi neno la Dubow limeua jina la watu, na hawatalisikiliza tena.

Mama Hawo anacheka, amepumua. Ananiambia kama nisingekwenda kanisani siku ile ingekuwa balaa. Amenipakulia wali. Nimeurudisha jikoni.

Sikumwingiza tu kwenye matope. Nimemtia uongo mdomoni. Mtu ambaye hajawahi kuusema. Alisimama mbele ya wazee akausema kwa sauti yake mwenyewe, hajui.

Jumamosi, 13 Septemba

Mfanyabiashara kutoka Bute amekuja kumtafuta Abti. Ngamia wake watatu wamepotea njiani wakija sokoni. Mtu amesafiri siku mbili. Abti amekataa. Anasema hasomi unyayo wa mtu mpaka jambo la chapa liishe. Amemtafutia pa kulala asubiri.

Mwenye ngamia alikaa uwanjani akinywa chai na kutazama chini. Nilipita na ndoo mara tatu. Mara ya tatu nilitamani aniulize kitu, chochote, nimpasukie.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Leo ni kweli.

Sikuimba. Sikwenda mezani kupokea. Mama mchungaji kaniuliza kama ni malaria.

Jumatatu, 15 Septemba

Terry amepiga mwenyewe. Nadhani nimemchosha, jana nilimtumia ujumbe ishirini. Anasema kuna njia moja. Paja lenyewe haliwezi kufutwa, limeunganishwa na mambo mengi. Inawezekana kuondoa sehemu yote, kidole na paja, maneno na kila kitu. Lakini wakubwa wake wanataka barua ya mshauri, ieleze chapa ina kasoro gani na kosa lilikuwa la nani.

Sehemu yote maana yake Abti mzima. Hana sehemu nyingine.

Nimeuliza nani sasa atawagundua wauaji. Amesema mpelelezi atawapata kwa simu zao. Wanapiga kipande kimoja ofisini kesho, wanakitia.

Kwa hiyo wasoma nyayo wanabaki wauaji tu. Yule aliyekamata hayupo. Kile nilichomwahidi mzee wa watu kimegeuka kinyume chake, na anayegeuza ni mimi.

Nimeandika barua darasani, Kidato cha Nne wakifanya mtihani. "Kosa ni langu. Niliulizwa na nikaruhusu." Mistari minane. Imetoka kirahisi, karibu nicheke. Kwa Terry nakiri bila jasho. Kwa mtu anayekula chakula cha jioni hatua kumi kutoka kitandani kwangu, ulimi unakuwa mzito kama mkate mbichi.

Nimetuma.

Jumanne, 16 Septemba

Tangazo limeondolewa kila mahali. Abti ameambiwa chapa haitaonekana. Amesema alhamdulillahi mara tatu, akaniombea dua mimi na wazazi wangu. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia palipofagiwa.

Hajui kwamba naye haonekani. Nimemwambia wamerekebisha. Ni neno zuri sana, kurekebisha.

Sasa Mama Hawo anaalika watu. Ndugu wa Masalani, wa Garissa yote. Mumewe ataleta TV kubwa ya dukani. Hamdi anahesabu vikombe.

Alhamisi, 18 Septemba

Jana sikuandika. Tumbo linaniendesha. Si chakula, nakijua kinachoniendesha.

Leo nimemchapa mtoto kwa maneno mpaka akalia, kwa sababu ya penseli. Nikamwomba radhi mbele ya darasa. Wakanitazama kana kwamba nimevaa nguo nje ndani.

Nimepanga. Kesho namwambia Abti. Yote mawili: kwamba ametolewa, na kwamba nilikuwepo.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikumwambia.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemngoja tangu alfajiri. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni na maneno yangu yamepangwa kama daftari za ukaguzi. Akaja na chupa ya maziwa ya ngamia. Amesikia tumbo langu linasumbua, ametembea mpaka kwa mtu wake ng'ambo ya soko. Akasema kunywa yote, Mwalimu, kesho uwe na nguvu, wewe ndiye mwenye kazi hii.

Nilikunywa yote. Alisimama kuhakikisha.

Lakini la kutolewa nimemwambia. Hilo niliweza. Abti, ili paja liondoke ilibidi na wewe uondoke. Akauliza, hata sauti? Hata sauti. Akasema basi, sawa, jina ni kubwa kuliko picha. Akaniomba nisimwambie Mama Hawo, maana ameshaalika watu na ataona haya. Ataketi atazame kama kawaida. Jina lake limebaki safi, anasema, hilo ndilo alilotaka.

Lile la pili nilikuwa nalo hapa, kwenye meno. Nikalimeza na maziwa.

Mwoga mkubwa mimi. Mwoga wa kutupwa.

Jumapili, 21 Septemba

Watu kama arobaini. Wanaume ndani na barazani, sisi dirishani na mlangoni. Watu wa Gabow watatu walikuwepo, wamepewa viti vya mbele. Na yule wa Bute. Kilianza baada ya Magharibi.

Chapa haikuonekana. Wale watatu walikuwa wameinama mbele kwenye viti, taratibu wakarudi nyuma. Mmoja alimgusa Abti goti.

Halafu watu wakaanza kuuliza Dubow yuko wapi. Anakuja, anasema Mama Hawo. Sasa hivi anakuja. Mpelelezi akafungua simu ya mtu, akajua kila kitu. Anakuja. Pingu. Wasoma nyayo wote ndani ya lori la polisi, vichwa chini. Mama Hawo alianza kukusanya vikombe. Watoto walimgeukia Abti. Abti alikuwa akitabasamu tu, kama mtu aliyekaa kwa jirani akisubiri mvua ipite.

Karibu na mwisho kukawa na kipande kidogo. Mpelelezi anatembea kuelekea ngamia, kamera iko chini. Viatu vyake, mchanga, miguu ya ngamia mpaka magotini. Labda sekunde tatu.

Abti akasema, "Simamisha."

Hamdi ndiye mwenye rimoti, na king'amuzi chao hurekodi. Akarudisha nyuma, akasimamisha. Abti akainuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole. "Hii mimi. Ya Jumamosi. Hapa nilipiga magoti."

Ee, nyumba ikalipuka! Yumo! Dubow yumo! Mama Hawo alipiga kigelegele, wanaume wakacheka, watoto wakasukumana kuona kwato za ngamia na nyayo za mjomba wao. Mmoja wa watu wa Gabow alipiga makofi. Nami nilicheka, machozi yananitoka, nikasema moyoni asante Mungu, angalau hicho.

Lakini Abti hakurudi kukaa. Akasema, "Rudisha tena." Hamdi akarudisha. Alisogeza uso karibu. Sijawahi kumwona akitazama kitu kwa muda hivyo ila mchanga. Kicheko kikaendelea nyuma yake. Halafu akageuka, hakunitazama usoni. Alitazama mlangoni, pale tulipovua viatu.

Nikajua.

Hakusema kitu mbele za watu. Waliagwa mmoja mmoja, salamu, dua, chai ya mwisho. Wote walipokwisha alinikuta uwanjani. Alizungumza polepole, akionyesha chini kana kwamba tuko pale pale, mwezi wa sita.

"Hapa kopo la rangi. Duara. Hapa mwenye rangi, alichuchumaa. Hapa wewe. Kisigino cha kushoto. Ulisimama sana, mchanga umeingia ndani." Kisha, "Unyayo wako uko juu ya wangu, Mwalimu. Mimi ya Jumamosi. Wewe ulikuja nyuma."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi niliwaambia wazee ulikuwa kanisani."

Nikasema ndiyo, Abti.

Nilitaka anitukane. Nilingoja anitukane. Akaniambia nilale, kesho ni Masalani.

Jumatatu, 22 Septemba

Masalani na kurudi. Nimemwambia mwalimu mkuu naumwa, na si uongo mkubwa.

Alinijia alfajiri. Akasema nivae zile raba. Nilizivaa.

Mzee Gabow alitupokea chini ya turubai. Ni mzee mdogo wa mwili, sauti nzito. Nilisema yote kwa Kiswahili, Abti akaweka kwa Kisomali, hakupunguza hata moja. Nilisema niliulizwa, nikasema paka tu. Nilisema nilidanganya. Nilipoishia, Mzee Gabow akasema mtu akikosa akija kwa miguu yake, kosa lake limeshapungua nusu. Akatuletea maziwa. Kwangu iliishia hapo. Mimi ni mgeni, mwanamke, mwalimu. Mgeni anasamehewa haraka.

Kisha Abti akasema lake. Nililielewa hata bila kutafsiriwa. Ijumaa ile nilisema kitu sikukiona. Nilikisema kama mtu aliyekiona.

Hapo hakuna aliyesema imepungua nusu. Mzee Gabow alimshika mkono kwa muda mrefu.

Kurudi tulikaa viti viwili vya basi. Nililia mpaka kivukoni. Alinipa shuka lake nifute.

Ijumaa, 26 Septemba

Punda wa maji amekuja. Mitungi sita. Nimefua.

Abti alikwenda na yule wa Bute Jumatano. Amewaona ngamia wote watatu, walikuwa wamechanganyika na kundi la mtu mwingine, bila ubaya. Leo baada ya swala ilibidi aeleze mbele ya wazee alivyozifuata nyayo.

Mama Hawo amerudi na habari akiwa amekunja shela mikononi. Anasema kabla Dubow hajafungua mdomo, mzee mmoja alisogeza Msahafu mbele yake. Bila ukali. Kama wanavyofanya kwa kila mtu. Anasema kaka yake aliutazama kidogo, akaweka mkono, akaapa, ndipo akaeleza. Walimwamini. Bwana wa Bute ameondoka na ngamia wake.

Mama Hawo hanisemeshi sana. Amenipakulia lakini.

Jioni Abti alikuja kula kama siku zote. Alinisalimia, Mwalimu, habari ya shule. Nikasema nzuri. Nilimwekea chai, akaimaliza. Aliondoka kabla ya Isha, akivuta ule mguu wa kulia.

Ufagio uko mlangoni. Nyayo zake zimevuka uwanja wote mpaka kwenye geti. Sikufagia.